Chumba cha Uani Kisiguswe

Mtawanya, Kibiti
4 Julai 1995

Shemeji yangu Sadallah,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, ila nina mashitaka, nayo nayaleta huko Mkongo kwa kuwa wewe ndiye kaka mkubwa wa Mwanajuma na ndiye uliyenioza. Dada yako ananionea.

Kama ujuavyo, binti yetu Shufaa ana mimba ya kwanza, na kwa desturi anatoka kwa mumewe huko Mahege kuja kujifungulia kwetu. Anafika wiki ijayo. Mwanajuma ameamua alale chumba cha uani, na ameapa kwamba vitu vyangu vilivyomo vitaishia jalalani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ameviita takataka. Humo mna makopo thelathini na moja, redio ya mbao isiyosema tangu vita vya Kagera, na taa za chemli saba. Sita hazina vioo. Ya saba ina kioo, lakini imetoboka chini.

2. Anadai siku hizi madukani kila kitu kipo. Shemeji, mwaka wa themanini na tatu tulipanga foleni pamoja, tukaambiwa sabuni imekwisha, tukaogea majani ya mpapai. Leo Kibiti kuna sabuni za rangi zote, na hizo rangi ndizo zinazonitia shaka. Yakirudi yale mambo, miche yangu minane ya sabuni ipo. Imekuwa migumu kama matofali, lakini ipo.

3. Anauliza baiskeli isiyo na magurudumu ni ya nini. Nimeahidi kuitengeneza tangu Shufaa hajaota meno. Nikiitupa nitakuwa nimekiri kwamba sitaitengeneza. Mke gani anamtakia mumewe aibu hiyo?

4. Kubwa kuliko yote, katika sanduku la bati mna ile doti ya khanga niliyoisimamia foleni siku mbili, Shufaa akiwa na miaka minane. Nilimkataza mama yake asiivae, nikasema hii ni ya kumbebea mjukuu. Miaka kumi na miwili Mwanajuma amevaa viraka, na khanga imelala salama. Mtu mwenye utunzaji huo ndiye wa kuitwa mchafu?

Kwa hiyo nakuomba uje na wazee wawili, mtamke kwamba chumba kisiguswe, na Shufaa ajifungulie hukohuko kwa mama mkwe wake. Najua watu watasema. Hao watu hawana taa saba.

Nisalimie mkeo Kijakazi na watoto, pamoja na yeyote aliyewahi kuniazima kitu. Mwambie bado kipo.

Ni mimi shemeji yako mnyonge,
Bwanaheri

Tanbihi: Nilipomaliza kuandika nilikosa bahasha. Ninazo zaidi ya mia, zimo chumbani, hazikuonekana. Katika kuzitafuta nikafungua sanduku. Chini lilikuwa limeliwa na kutu, na panya wamezaa ndani ya ile doti. Wameila mpaka pindo. Nililia, shemeji, mtu mzima na mvi zangu, nimeketi juu ya makopo. Mwanajuma aliingia, akaona. Alikaa nami kidogo, kisha akaenda kuchukua ufagio.

Wazee waache. Njoo wewe, ukishuka garini Kibiti utafute mkokoteni, na uwahi kabla Shufaa hajafika. Bahasha nimeinunua dukani, pamoja na doti mbili za khanga. Moja ni ya mjukuu. Nyingine Mwanajuma ameivaa palepale, kabla sijabadili mawazo.