Watu Kumi na Tisa Wasio na Macho

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku ya ishirini na mbili ya ndoa. Bado naamka nikicheka peke yangu. Leo nimemkuta mume wangu amelala na rangi ya samawati sikioni. Sikumfuta. Nani anafuta mbingu?

Nimeolewa na msanii! Wenzangu wameolewa na wenye maduka, wenye magari, wenye vitambi. Mimi wangu akiona bomba linavuja huniita nikaone lulu. Wifi, dada yake tunayekaa naye nyumba moja, anasema lulu hizo zimelowesha unga.

Sasa habari yenyewe. Anachora ukuta wa zahanati, ule unaotazamana na benchi la wagonjwa. Watu kumi na tisa, ukihesabu na mtoto mchanga. Yupo mkunga, yupo mzee mwenye mkongojo, yupo fundi baiskeli, wapo kina mama wamejipanga. Wazuri mpaka roho inauma. Ila hawana macho. Ndivyo afanyavyo kazi: macho huja mwisho, siku ya mwisho, asubuhi, kabla hajanywa hata chai. Anasema ukiyaweka mapema picha inakutazama ukikosea, na mkono unaingiwa na haya. Jamani! Mkono kuingiwa na haya! Nilimbusu hapo hapo mbele ya wifi. Wifi akahamia jikoni.

Lakini mjomba wake, aliyemlea, mwenye duka la misumari, ametoa hukumu. Sista Mkuu wa zahanati atakagua ukuta Jumamosi. Akiukubali, mjomba hatatia neno tena, mume wangu achore mpaka aote mvi. Akiukataa, Jumatatu ijayo avae aproni ya kahawia na apime misumari maisha yake yote. Mjomba anasema picha hailiwi, haivaliwi, wala haizuii mvua. Mume wangu ameahidi, naye akiahidi ameahidi. Jioni alikuwa anaosha brashi moja moja, polepole, kama mtu anayeaga.

Hapana! Mke yupo. Nina kidato cha nne, nina mapenzi. Nitapanga.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mpango wa kwanza. Watu hawajui kitu ni kizuri mpaka wamwone mwenzao anakishangaa. Basi nitakuwa huyo mwenzao. Mume wangu alipotoka kwenda kununua rangi, nilivaa mtandio wa wifi na miwani ya jua, nikaingia zahanati kama mpita njia. Nikasimama mbele ya ukuta. Nikashika kifua. Nikasema, "Aaah!"

Hakuna aliyegeuka.

Nikaongeza sauti. "Aaaaah! Siwezi!" Na magoti nikayalegeza kidogo, kwa ajili ya sanaa.

Nikapewa kadi namba arobaini na moja.

Walinipima joto. Walinipima uzito. (Kilo mbili zimeongezeka tangu harusi. Furaha nayo ina mizani yake.) Tabibu akauliza maumivu yalianza lini. Nikajibu, nilipouona ukuta. Akaandika. Akauliza yanapanda au yanashuka. Nikamwambia yanapanda mpaka mbinguni. Akaandika. Hakuinua uso hata mara moja, nilizungumza na utosi wake tu. Mtu huyu alicheza kwenye harusi yangu, mstari wa mbele, hadi kiatu kikamvuka! Nimetoka na dawa ya minyoo.

Wifi anadai mtandio wake unanuka spiriti. Anasema siku nyingine nikitaka kuugua, niugulie mtandio wangu.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mpango wa pili, wa kisomi. Nimemwandikia Sista Mkuu barua isiyo na jina, kutoka kwa "Mpenda Sanaa Mmoja". Nimeeleza nafasi ya msanii katika jamii, hoja tatu na hitimisho, kama tulivyofundishwa. Kwamba msanii ni kioo. Kwamba msanii ni taa. Kwamba msanii ni kioo kilichoshika taa. Halafu kalamu ikashika njia yake. Nikaandika kwamba msanii huyu hasa ana mabega ya kuegemea, kwamba hunywa chai bila sukari kwa kuwa eti mimi natosha, na kwamba akilala hushika ncha ya nguo yangu asije akapotea. Machozi yalinitoka. Nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni.

Mchana nilikaa karibu naye akichora mkono wa mkunga. Saa nzima kwa kidole gumba kimoja! Jua liliingia kwa dirisha la juu, makopo ya rangi yakawa vidimbwi, kimoja cha kijani, kimoja cha machungwa. Nikaota nikiwa macho. Mji mzima una kuta kama hii, polisi, posta, hata ghala la misumari. Watu wanatembea polepole kwa sababu kuna cha kutazama. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Mjomba naye yumo, ameshika ua, hajui amelitoa wapi.

Nilizinduka nimeegemea rangi mbichi. Mwanamke wa saba ana alama ya kiwiko changu tumboni. Nilitaka ardhi inimeze. Mume wangu akaitazama, akainamisha kichwa upande huu, upande ule, akaigeuza beseni. Sasa mwanamke wa saba amebeba beseni. Nani mwingine angefanya kiwiko cha mkewe kuwa beseni?

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Asubuhi mjomba alimwita mume wangu dukani ajaribu aproni. Mimi nikabaki kulinda makopo. Sista Mkuu akanijia na funguo zake zinalia kiunoni, akanikabidhi barua ya Mpenda Sanaa Mmoja. Imesahihishwa kwa wino mwekundu. Makosa manne, na pembeni ameandika kuwa hoja ya tatu ni ya kwanza na ya pili zimevaa koti. Akasema kwa kuwa sifa zimekuwa nyingi kiasi hicho, hatangoja Jumamosi. Anakagua leo saa tisa.

Leo! Na watu kumi na tisa vipofu!

Ningeweza kumfuata mume wangu. Duka ni mwendo wa dakika kumi. Lakini mke anayekimbilia kwa mumewe kwa kila jambo si mke, ni mzigo. Brashi ilikuwa pale. Rangi nyeusi ilikuwa pale. Macho ni nini? Duara, na katikati duara jingine.

Nilianza na mzee wa mkongojo. Duara la ndani liliteleza pembeni, akapata kengeza. Nikasimama, sijui atazame wapi. Hapo bibi mmoja benchini, mwenye mguu uliofungwa bandeji, akasema huyo mzee amtazame yeye, maana tangu alfajiri hajatazamwa na mtu hapa. Nikamsogeza mboni kidogo. Bibi akafurahi, akamtengea nafasi! Basi wote wakaamka. Mkunga anitazame mimi, dada! Na mimi huyo wa beseni! Mwingine akasema yule fundi baiskeli asimtazame kwanza, mpaka yeye avae viatu vizuri. Nimewatii wote. Mtoto mchanga amenishinda: anatazama kama askari anayekagua mizigo.

Saa tisa hiyo. Nasikia funguo.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Siku ya ishirini na sita ya ndoa. Sikucheka nilipoamka.

Jana Sista Mkuu aliukagua akiwa mlangoni, pale anaposimama kila siku. Kutoka mlangoni wote kumi na tisa wanatazama pembeni, kama watu waliofungua mlango wakakuta mtu anaoga. Akasema wameidharau zahanati nzima. Akasema picha haijapata kumponya mtu, sembuse yenye kengeza. Kesho asubuhi anakuja fundi wa chokaa.

Mume wangu alipofika nilijificha nyuma ya tangi la maji. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Nyumbani hakunigombeza. Aliuliza tu nilianza na nani. Nikasema, mzee wa mkongojo. Akasema anaona, pale nilikuwa naogopa. Kisha akazifunga brashi kwa uzi, akaziweka juu ya kabati, kule tunakoweka vitu vya wageni.

Wifi aliipiga pasi ile aproni bila neno. Wifi kunyamaza! Hapo ndipo nilipolia.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nilidamka na mpango wa tatu: kulala chini mbele ya ukuta. Nafasi haikuwepo. Bibi wa bandeji alikuwa amekwisha kuweka kigoda chake pale, mguu ameunyoosha, fundi wa chokaa na ndoo yake hana pa kupita. Bibi anamwambia aanze na yeye, ampake hapa hapa usoni. Anasema miezi miwili anakuja kufungwa kidonda. Kidonda wanakijua mpaka urefu wake, mwenye kidonda hawamjui. Mzee wa mkongojo ndiye wa kwanza kumtazama, na kama ana kengeza, basi, hata marehemu mumewe alikuwa nayo.

Benchi zima likaitikia. Mkunga ni wangu, asiguswe! Fundi wa chokaa akaketi benchini apumue, akainua macho, akauliza kwa sauti ndogo kwa nini yule wa baiskeli anamtazama yeye.

Sista Mkuu akaja, funguo zinalia. Akasema hii ni zahanati, si sinema. Bibi akamwambia, "Mwanangu, hebu kaa."

Miaka kumi na moja hajakaa benchi lile. Akakaa, ili awaonyeshe upuuzi wao. Funguo zikanyamaza. Akamtazama mkunga, mkunga akamtazama. Akamtazama mtoto, mtoto akamkagua. Akageukia chumba cha tabibu, mlango wazi, akamwona ameinama mbele ya mgonjwa, anaandika. Jua la dirisha la juu lilishuka taratibu kwenye magoti yake. Hatimaye akauliza kama kutoka hapa mgonjwa haoni kitu kingine kwa watumishi wake ila utosi. Bibi akajibu, ndiyo mwanangu, utosi.

Akainuka. Akamtuma fundi akapake chokaa vyooni. Akaingia kwa tabibu, akafunga mlango, na sote tukamsikia akimwambia ainue uso.

Mume wangu alikuwa amekuja kuchukua makopo yake. Yalibaki chini. Alinituma mbio nyumbani, nikapanda kiti, nikazishusha brashi. Kwa ile ndogo kuliko zote akaweka nukta nyeupe katika kila jicho, nukta thelathini na nane. Macho yakaamka! Kengeza hakuigusa. Alisema hiyo ni ya mkono wangu, na bibi ameshaizoea.

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Siku ya hamsini na saba ya ndoa. Nimeamka nikicheka.

Aproni imerudi kwa mjomba, na pasi yake. Mjomba mwenyewe alikuja zahanati, eti kupima presha. Namba yake iliitwa mara mbili. Hakusikia, alikuwa benchini anatazamana na fundi baiskeli.

Sista Mkuu ametoa sharti moja: niape sitashika brashi tena. Nimeapa mbele ya mume wangu, mbele ya bibi, mbele ya wifi. Wifi akataka niape mara mbili. Nimeapa mara mbili, kwa moyo safi.

Ila nikikaa nikitafakari, naona yote yametokana na mipango yangu. Bila barua, ukaguzi usingesogezwa. Bila ukaguzi, nisingechora macho. Sanaa inataka mtu wa kuisukuma, na mtu huyo ni mimi.

Leo mume wangu anamaliza ukuta wa shule, kazi ya mwezi mzima. Wanafunzi arobaini, wazuri kama ndoto ya asubuhi, macho bado. Mwalimu mkuu yuko njiani. Mpenzi wangu ametoka kununua maandazi, na kopo la rangi nyeusi liko wazi.

Kiapo kilitaja brashi. Hakuna aliyetaja kidole.