Nilivyoipeleka Dar es Salaam Baharini

Leo nimejiaibisha mwenyewe, tena kwa rula.

Chanzo ni Paskalina wa kijiji cha Qurus. Likizo alikwenda Dar kwa kaka yake, na kurudi akapanda ndege mpaka uwanja wa Kilimanjaro. Ndege! Mimi Dar naijua kwa redio tu. Jumatatu akaja na vipakiti vya sukari alivyopewa hukohuko angani. Sukari yenyewe siku hizi dukani haionekani. Kidato cha pili chote kikamzunguka kama ndama kwenye chumvi.

Eliza, niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza, akalamba kipakiti kimoja, akahamisha madaftari yake. Sasa anakaa na Paskalina. (Urafiki wote ule, kijiko kimoja cha sukari.)

Kilichonichoma zaidi ni dakika alizojisifia Paskalina. "Eliza, ni dakika hamsini tu, hujamaliza hata soda!" Basi la Dar huchukua siku mbili, likiamua kufika. Nikasema huyu mwongo. Nitamuumbua, na Eliza atarudi.

Leo mapumziko nikabaki darasani na atlasi. Nikapima kutoka Kilimanjaro mpaka Dar: sentimita tisa. Pembe yenye skeli imechanwa (kuna mtu alifungia karanga). Nikafungua ukurasa unaofuata, nikachukua skeli ya pale: sentimita moja, kilomita mia tatu. Jumla elfu mbili na mia saba. Mwalimu alishatuambia ndege kubwa huenda kama kilomita mia nane kwa saa. Nikagawanya. Zaidi ya saa tatu! Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kipindi cha jiografia nikanyoosha mkono. Mimi! Mwalimu akadhani naomba kwenda chooni.

"Nenda, Martina."

"Hapana, mwalimu. Paskalina ametudanganya."

Nikaitwa ubaoni. Nikaandika hesabu yote, jibu nikalipigia mistari miwili. Eliza akamgeukia Paskalina kwa jicho la kuuliza. (Hapo na mimi nilikuwa mtu, kama dakika moja hivi.)

Mwalimu akafungua atlasi. "Skeli umeitoa wapi?"

"Ukurasa unaofuata, mwalimu."

"Ule ni wa Afrika nzima!" Akaweka rula juu ya Afrika, akaivuta, akaivuta. "Kwa hesabu yako, Dar es Salaam iko huku, nyuma ya Madagaska. Baharini."

"Jamani, kaka yake Paskalina kazama!" akapayuka Tluway kutoka nyuma.

Darasa likalipuka. Eliza alicheka mpaka akalilalia bega la Paskalina. Bega!

Tulipotoka, Paskalina akanifuata nyuma ya darasa. Nikajua nakula kibao.

"Martina, usimwambie mtu, hata Eliza. Hizo dakika hamsini zote nilikuwa natapika. Sikuona hata wingu."

"Ulitapikia wapi?"

"Wana mfuko wa karatasi, mweupe. Dada mmoja anakuletea, anakupa na pole."

Miguu ilishaanza kumkimbilia Eliza. Nikaisimamisha. Mfuko mweupe, dada, pole… akisikia hayo si ndiyo atamganda Paskalina kabisa?

Mimi mara ya mwisho nilitapika ndani ya basi, mteremko wa Mto wa Mbu, kwenye kofia ya baba mdogo. Wala hakunipa pole.