Chumvi ya Nyota

Jamaa zangu, leo sura yangu nimeiacha mtaa wa Muhumba. Sijui kama itarudi.

Mnamjua Maman Nsimire, yule mjane. Nilimwacha angali msichana, nikazurura Zaire nzima, mpaka Bujumbura. Leo baada ya misa nilikwenda nyumbani kwake kumwambia neno la moyoni. Nimevaa abakosti, ile suti yetu ya Zaire, ya kuazima, vifungo mpaka shingoni!

Nikamkuta mwalimu wa fizikia ameketi karibu naye. Ana taa ya spiriti na kibomba chenye kioo cha pembe tatu. Nsimire anachungulia ndani, anacheka. (Kicheko kile zamani kilikuwa changu.)

"Kila kitu katika moto kina rangi zake," mwalimu anamwambia. "Chumvi inatoa mustari wa njano. Mustari ule ule tunauona katika mwanga wa nyota."

Roho ikaniuma.

"Citoyen mwalimu, ulifika kule? Labda hiyo chumvi ni ya hewa yetu. Ama ya vidole vyako!"

"Swali nzuri, papa." (Papa, kama vile mimi baba yake! Na tuko umri mmoja!) "Ndiyo maana tunasafisha waya kwanza."

Akaosha waya mwembamba, akauweka motoni. Moto ukabaki bluu.

"Lete, nitauosha mwenyewe!"

Nikautumbukiza katika maji ya mvua. Nikaupangusa kwa vidole, nikaupangusa tena, nikauingiza motoni. Njano! Njano kama ndizi mbivu!

"Chumvi," mwalimu akasema.

Nikaruka kitini. "Mumeona? Maji ya mvua iko na chumvi? Kibomba chake kinadanganya! Na nyota zake pia!"

Nikamtazama Nsimire, nikingoja makofi.

"Papa," mwalimu akasema polepole, "onyesha vidole."

Vilikuwa vinachuruzika jasho.

"Ni hii abakosti," nikajitetea.

"Na mimi nimevaa abakosti."

Mama yake Nsimire akadakia kutoka jikoni: "Hiyo si abakosti, ni wivu! Tangu aingie anamuangalia mwalimu kama paka anaangalia samaki sambaza ya mwenzake!"

Nsimire alicheka mpaka machozi yakamtoka. ("Na machozi iko na chumvi," mwalimu akamweleza. Hata hapo hakuniachia nafasi.)

Neno la moyoni nimerudi nalo. Mimi nilipewa taulo, yeye akaongezewa chai.

Msinicheke, jamani. Nilisema tangu mwanzo kwamba vidole vinaharibu kipimo. Nilikosea tu vya nani.