Mkazo wa Kitaliano Mgongoni mwa Mtoto

Jumatatu, 3 Machi
Hotelini wanataka mtu wa mapokezi anayejua Kitaliano. Kazi ya mchana! Mimi nafua mashuka zamu ya jioni, usiku mwanangu hulala bila kuniona. Nafasi hii yangu. Ijumaa mwalimu wa Kitaliano atatupima: kukata vitenzi silabi kwa silabi na kuweka mkazo. Mpinzani mmoja tu, wifi yangu, mpiga pasi. Keshaanza kujiita sinyora, yaani bibi kwa Kitaliano. Makubwa!

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Mkazo wetu una adabu, hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, umetulia. Wa Waitaliano mzururaji. Par-LA-re, kusema, sawa. Mara PAR-la-no, wanasema! Te-LE-fo-na-no, wanapiga simu, ndiyo mwehu kabisa. Nikamuuliza mwalimu kwa nini. Akasema mama, usiulize, kariri.
Nimepata mbinu. Mchana kabla ya zamu nambembeleza mtoto kwa vitenzi: silabi nyepesi nampapasa, ya mkazo nampiga kikofi mgongoni. Kalala fofofo. Akili hii nimeitoa wapi?

Jumatano, 5 Machi
Wifi kaja, eti kumsalimia mtoto. Nikamfundisha te-le-fo-NA-no. Akashukuru, Mungu akuzidishie wifi yangu. Roho ikanisuta. Nikaiambia inyamaze, mtoto amelala.

Ijumaa, 7 Machi
Mtihani. Ulimi ukagoma! Bila mgongo mkono haupigi, bila mkono mkazo haushuki. Wifi alisubiri zamu yake nje; chumbani mgongo ulikuwa mmoja, wa mwalimu. Nikamwomba radhi, nikasimama nyuma ya kiti chake, nikaanza. PAR-la-no. A-bi-ta-no, kikofi kwenye a ya kwanza. Vyote sahihi! Nilipofika telefonano mzee anakoroma.
Mwalimu alizinduka wifi akiwa keshaingia, yuko katikati ya vitenzi vyake. Wifi alikosea kimoja, najua kipi. Mwalimu akasema angalau huyu nimemsikia. Mimi akaniuliza, we mama umeshasema?

Jumamosi, 8 Machi
Wifi kapewa mapokezi. Mimi nimeongezewa pasi yake. Jana nimerudi, mtoto kalala kitambo, kiatu kimoja mguuni. Nilimvua polepole.
Kosa si langu, mwalimu ana usingizi wa karibu. Na sikati tamaa: jikoni wanataka mwoka mikate wa alfajiri, adhuhuri namaliza, jioni niko na mwanangu. Kuoka sijui, ila wifi anajua. Kaja mwenyewe kunifundisha! Kasema mwalimu amemsahihisha telefonano, wala hana kinyongo. Kila sinia la mikate, chumvi vikombe vitatu. Nimeandika. Mtu mwema kweli.