Namba za Kirumi na Mapaja ya Ng'ombe

Marafiki, leo nimeaibika mchana kweupe, ndani ya ofisi ya kodi, foleni nzima ikishuhudia. Na bado nina furaha mpaka mashavu yanauma!

Mimi ndiye katibu wa shirika letu dogo hapa Isiolo, lile la kupeleka maji Oldonyiro ukame ukibana. Mfadhili amekubali kutupa lori la maji, ila kwanza tupate msamaha wa kodi. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Ombi langu lilikuwa limeshakataliwa mara mbili.

Kisa? Namba za Kirumi! Viambatisho kumi na vinne, kila kimoja wakili amekiandika namba pembeni, na lazima vifuate orodha ya ofisi yenye namba hizo hizo. Mimi IX na XI naziona mapacha. IV na VI ndiyo usiseme. (Diploma ninayo. Msiniulize ya nini.)

Kwa kamati sikusema hivyo. Nilisema karani anatafuta hongo.

Basi leo nikaenda na mwenyekiti wetu, Mama Halima, mfugaji ambaye hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Alikuja kuweka kidole gumba tu. Karani akafunua faili, akashusha pumzi.

"Bwana Guyo, ya tisa umeiweka mahali pa kumi na moja. Tena."

"Hizi namba ni za kutunyanyasa!" nikafoka. "Mimi ni msomi!"

Mama Halima akavuta faili. "Wacha nione. Kwani hii si alama ya ng'ombe, kama zile tunachoma kwa chuma?"

Karatasi zote chini! Akachuchumaa, orodha mkononi.

"Angalia. Hii mkasi iko na fimbo kushoto. Hii ingine fimbo iko kulia. Hizo ni boma mbili, Guyo. Ukichanganya hizo sokoni, utaondoka na ng'ombe ya mtu na utachapwa."

Akalinganisha alama moja moja, kama anatenganisha mbuzi wake na wa jirani. Hata chai ya karani haijapoa, zote kumi na nne zimejipanga. Foleni ikapiga makofi.

Karani akakagua mara mbili. Akagonga muhuri. PAA!

"Mama, imepita. Umesomea wapi?"

"Kwa mapaja ya ng'ombe."

Lori letu! Nikaruka, nikamkumbatia askari wa mlangoni. (Hatujuani.)

Ningeondoka hapo hapo. Lakini Mama Halima akamgeukia karani kwa upole wote: "Asante, kijana yangu. Wewe ni mtu mzuri kabisa. Na huyu Guyo alituambia eti unataka hongo!"

Foleni yote ikanitazama.

"Hongo, bwana katibu?"

Nikainama kutafuta klipu sakafuni. Hakukuwa na klipu. Niliitafuta muda mrefu sana.

Oldonyiro watapata maji, alhamdulillahi. Na mkinikuta soko la mifugo nimechuchumaa nyuma ya ng'ombe na daftari, tafadhali piteni tu. Nimerudi darasa la kwanza.