Ombi la Kumhamisha Perege kutoka Bwawa la Namkuya

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Samaki, Bwawa la Namkuya,

Natumaini barua hii inakukuta una afya njema, na sato wako vilevile. Mimi ndiye mwandishi wa habari niliyesimama kando yako siku ulipomimina ndoo ya kwanza ya vifaranga vya sato majini. Nilinukuu maneno yako, gazeti likayachapa: "Kila samaki na riziki yake. Sato atakula cha kwake, perege wetu atakula cha kwake." Misimu mitatu ya mvua imepita. Nimerudi bwawani, na nasikitika kukuarifu kwamba perege amekuangusha. Naomba aondolewe, kwa sababu hizi:

1. Perege ni mdoezi. Mwani anaokula sato, yeye anaula. Tope analochokoa sato, yeye yupo palepale, mdomo wazi. Sato ametimiza ahadi yako: amekula cha kwake, kisha akamalizia na cha mwenzake. Perege angekuwa muungwana angehamia kwenye mabibo, ambayo huko Nanyamba yanaoza chini ya mikorosho kila msimu. Hajajaribu hata siku moja.

2. Hana hati. Madume ya perege huchimba viota kwenye mchanga wa maji mafupi, na sato anautaka mchanga huohuo. Sato ni mkubwa, anasukuma, perege anasukumwa. Nimeulizia kama perege ana karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba eneo ni lake. Hana. Hoja yake ni kwamba alizaliwa pale, na babu yake pia. Wewe na mimi tunajua hoja za namna hiyo huishia wapi.

3. Amemwaibisha Isabel. Huwezi kuwa umemsahau. Ndiye Mama Nilza, aliyetupikia siku ya uzinduzi. Anatega migono, ile mitego ya samaki ya matete, na mlango wa kila mgono huusuka kwa kipimo cha ngumi yake, kama mama yake alivyomfundisha ng'ambo ya Ruvuma: kinachopita ni cha kula, kinachozidi kiachwe kizae. Perege alikuwa anaenea mlangoni, ila siku hizi ni adimu. Sato hunenepa upesi. Akifika mlangoni, amekwisha kuuzidi. Mtaalamu wako wa samaki akamshauri asuke kwa ngumi mbili. Akasuka. Asubuhi akakuta kenge ndani, ameshiba, hana hata haya. Jirani yake, Nelio, alicheka mpaka akakaa chini: "Mama Nilza, leo mboga yako ina miguu!" Tangu hapo nyumba ile inakula ugali kwa kisamvu, na samaki mkavu wa kupeleka sokoni Kilambo hakuna.

4. Sasa Kamati imetangaza kwamba migono yote itaondolewa Ijumaa, kwa kuwa inamsumbua sato. Hapa mmekosea mshtakiwa. Isabel anamtegea perege. Perege akiondoka, Isabel hatakuwa na cha kutegea, ataondoka mwenyewe bila kuita mgambo. Mpelekeni perege mlangoni mwa mto, kwenye maji ya chumvi, akajifunze adabu. Sato abaki na nafasi zote mbili, yake na ya mwenzake, kama mlivyopanga bila kusema.

Nafunga kwa heshima zote zilizosalia. Nisalimie wajumbe, mtaalamu, dereva aliyeleta ndoo, na ndugu wa yule mbuzi tuliyemla siku ya uzinduzi.

Ni mimi, niliyekunukuu,
Somoe Mnyalu
Mtwara

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha, hapa nilipofikia kando ya bwawa, Isabel alipoingia na ndoo. Mgono wake wa zamani, wa ngumi moja, umenasa samaki mmoja. Mkia una mistari ya sato. Kichwa na kimo ni vya perege. Wameoana, Ndugu Mwenyekiti, na Kamati haikualikwa. Nafuta ombi langu lote, maana sijui tena mmhamishe nani. Isabel naye hajui. Hajampika, hajamrudisha majini. Anauliza tu: Ijumaa mtakapokuja kuchukua migono, huyu mtamlinda au mtamfukuza?