Mimi, Mheshimiwa na Haja Ndogo

Jumatatu, 3 Machi

Imerudi. Mara ya tatu tangu mwaka uanze! Nakwenda msalani mbio, nasimama, nangoja, natoa matone manne yanayochoma kama pilipili. Narudi kitini. Sijakaa sawasawa, naitwa tena.

Na si mimi peke yangu. Mheshimiwa, paka wetu dume, mnene, mwenye madaha, ameingia kwenye trei yake ya mchanga mara sita tangu asubuhi. Anachuchumaa, anakodoa macho, anatoka na aibu. Tumetazamana. Tumeelewana.

Mke wangu amesema twende kwa madaktari, kila mtu kwa wake. Nimemjibu hakuna haja. (Neno baya kwa mtu wa hali yangu.) Zahanati siendi ng'o! Muuguzi wa mapokezi ni binamu yake mke wangu. Yule akijua jambo saa nne, saa tano mashangazi wote wanalo.

Isitoshe, nina mpango. Nimeacha kunywa maji. Bila maji hakuna mkojo. Bila mkojo hakuna kuchomwa. Nashangaa madaktari hawajaligundua hili.

Jumanne, 4 Machi

Madaktari wana sababu zao. Matone yamepungua, moto umeongezeka.

Kazini nimekwenda msalani mara kumi na moja. Idadi naijua kwa sababu Miwani ameihesabu. Miwani ni msahihishaji mwenzangu wa prufu, nakala za kukaguliwa kabla ya kuchapwa, pale kwenye kiwanda cha uchapaji. Meza yake iko hatua mbili kutoka mlango wa msalani. Yangu iko mwisho wa ukumbi, nyuma ya mashine ya kukatia karatasi. Haki iko wapi?

Nimemwomba tubadilishane, nikasema natafuta mwanga. Akasema kwake hakuna dirisha. Nikasema ndiyo, mwanga ukizidi unaniumiza macho. Akaniuliza ashike lipi. Kisha akaikumbatia meza yake kwa mikono miwili kama inaozwa.

Saa tisa, balaa. Nilisahihisha kadi ya harusi huku nimebana miguu. Zimechapwa mia tatu: "Tunayo furaha kuwaalika kwenye haja ya binti yetu." Bosi ameisoma kwa sauti mbele ya wote. Mara mbili.

Jumatano, 5 Machi

Mheshimiwa amekojoa ndani ya kiatu changu cha kazini. Tone moja tu, lenye wekundu. Nilitegemea mke wangu acheke. Hakucheka. Amemtia kapuni, akanikabidhi kapu, akaufungua mlango.

Njiani nikapata wazo. Zuri ajabu! Daktari wa wanyama naye ni daktari. Nikimweleza dalili zangu kama za paka, tutatibiwa wawili kwa safari moja na binamu hatanusa kitu.

Daktari ni mama mpole mwenye mikono mikubwa. Nikaanza. Nikasema mgonjwa anachomwa akikojoa, kiuno kinamuuma upande wa kulia, na usingizini huota anatafuta choo.

Akaacha kuandika. "Paka amekwambia anaota?"

Nikasema nakisia. Nikaongeza kuwa mara iliyopita alipewa vidonge vya siku saba, siku ya tatu akapata nafuu, akaviacha.

"Alipewa na nani?"

"Na zahanati."

Akaniuliza mgonjwa ana kilo ngapi. Ulimi ukateleza: themanini na nne.

Alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akawa mtu wa kazi. "Baba, wewe nenda kwa daktari wa watu. Leo." Akampapasa Mheshimiwa tumbo. Kibofu kimevimba kidogo, ila njia bado iko wazi. Akampa dawa na chakula laini chenye majimaji. La mwisho alilisema huku amenishika mkono: tumwangalie anapokwenda kwenye mchanga. Paka dume akishindwa kabisa kukojoa, tusingoje kesho. Anaweza kufa.

Zahanati sikwenda. Kulikuwa na foleni. Niliiona kwa mbali, ikaonekana ndefu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo sina cha kujisifia.

Mke wangu aliondoka alfajiri. Zamu ya kumwangalia Mheshimiwa ilikuwa yangu. Lakini nilikuwa na mpango: nifike kiwandani kabla ya Miwani, nihamishe meza, akija akute mambo yamekwisha. Paka alichuchumaa, akachuchumaa. Mchanga mkavu. Saa nayo inakimbia. Nikachukua nusu kikombe cha maji, nikamimina kwenye mchanga. Kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni nikaandika: "Amekojoa vizuri." Nikaongeza na alama ya vema.

Kiwandani nikaivuta meza yangu peke yangu ukumbi mzima. Nilipofika penye msala, ikapinda, ikanasa mlangoni. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Kiwanda kizima hakuna wa kuingia msalani, mimi wa kwanza! Mafundi wanasukuma, Miwani anaelekeza, mimi naruka mguu huu na huu.

Hapo simu ikalia. Mke wangu amepita nyumbani mara moja. Mheshimiwa analia, tumbo gumu kama mpira.

"Umeandika amekojoa," akasema. "Ulimwona kwa macho yako?"

Nikaiachia meza. Akakata simu.

Nilikimbia. Nilimkuta mke wangu kwa daktari wa wanyama, kapu mapajani. Paka akachukuliwa ndani awekwe mpira wa mkojo. Tukakaa kwenye benchi. Nikamwambia yote: nusu kikombe, alama ya vema, meza. Hakunipigia kelele. Alilichukua lile kapu tupu lililokuwa katikati yetu, akaliweka upande wake wa pili. Heri angepiga kelele.

Tulingoja saa nzima. Nilianza kutetemeka, nikadhani ni dhamira. Daktari akatoka, akasema mkojo umetoka, tumshukuru Mungu, kufika jioni angekuwa maiti. Kisha akanigusa paji la uso. "Mama, huyu naye anachemka. Mpeleke."

Nikapelekwa. Mapokezi, nani? Binamu! Akaniuliza mbele ya foleni nzima nina tatizo gani. Sikuwa na nguvu ya kutunga kitu. Nikasema mkojo. Hakuna aliyegeuka. Mzee mmoja tu alijisogeza kwenye benchi, akanipisha. "Kaa mwisho huu, mwenzangu. Uko karibu na choo."

Daktari akasema maambukizi yameanza kupanda kwenye figo. Alipouliza kuhusu vidonge vya mwanzo, mke wangu akatoa mfukoni mwa koti langu vile vinne vilivyobaki, akavipanga mezani kimoja kimoja. Nikachomwa sindano. Nimepewa vidonge vipya vya siku kumi na nne, vyote vya kumaliza, na maji kwa wingi. Kwa mwanamume, kurudiwa mara tatu si jambo la kupuuza. Lazima nikapime ultrasaundi, ijulikane kama ni jiwe au ni tezi dume. Jumatano, saa nane mchana.

Jumamosi, 8 Machi

Mheshimiwa amerudi nyumbani. Saa nne na robo ameingia kwenye trei. Mke wangu na mimi tumepiga magoti, hatupumui. Akachuchumaa. Tukasikia. Mto! Nimepiga makofi, mke wangu amelia, halafu akanishika bega. Bega langu! Nimesamehewa, au karibu.

Mchana Miwani amekuja kuniona na chupa kubwa ya maji. Amesema meza ilitolewa kwa msumeno. Halafu akainamisha kichwa, akaniambia yeye ana tezi dume mwaka wa sita, na meza ile aliiomba kwa bosi kwa machozi. Alikuwa ananihesabia safari kwa sababu ana wasiwasi nami, si kwa umbeya.

"Ungeniambia ukweli, ndugu yangu, tungebanana."

Bosi amekubali meza zikae ubavu kwa ubavu. Yangu ikishaungwa miguu.

Jumanne, 11 Machi

Mzima kama chuma! Hakuna kuchomwa, hakuna homa. Mheshimiwa anatembea kifua mbele. Nikiyatazama yote tuliyopitia, naona sasa nina ujuzi ambao si haki kukaa nao peke yangu.

Jirani wa ghorofa ya chini ana mbwa. Leo amenilalamikia kuwa mbwa huyo anadondosha mkojo ngazini wiki ya pili sasa, na anafikiria kumpeleka kwa daktari. Nimemwambia asihangaike, mambo ya kibofu nimeyamaliza. Nimwangalie mimi kwanza, kwa utulivu, siku mbili tatu. Amefurahi sana. Tumekubaliana kesho, saa nane mchana. Nje ya saa hiyo hana nafasi.

Ultrasaundi itangoja, haina miguu.

Mke wangu ameniuliza kama nakumbuka kwenda kupima kesho. Nimemwangalia machoni, nikamwambia ukweli mtupu: nakwenda kupima.

Sikumwambia nampima mbwa.